Chiriku wa Dhahabu Aliyeishi Mwaka Mmoja

Asubuhi moja ya mwaka 1967, kabla chai yangu haijapoa, nilikuwa nimeshalia mara tatu. Kwanza nililia kama binti wa tajiri aliyempenda dereva wa baba yake. Halafu nikalia kama mke wa dereva huyo. Mwisho nikalia kama mama wa yule binti, ambaye alikuwa kipofu, na kwa hiyo alilia muda mrefu kuliko wenzake. Wote watatu walikuwa kwenye filamu moja. Katikati yake binti na mke wanagombana jikoni, basi nikajitukana, nikajijibu, kisha nikajizaba kofi kwa kupiga viganja vyangu viwili mbele ya kipaza sauti.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu pale Beyoğlu, mtaa wa watengeneza filamu. Filamu zilipigwa bila sauti. Kamera zilinguruma kama mashine ya kusaga kahawa, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kurekodi neno palepale. Mtu mmoja alisimama nyuma ya kamera akiwasomea waigizaji maneno kwa kelele, nao wakayarudia, na wale wavivu hawakuyarudia hata kidogo, walihesabu tu: moja, mbili, tatu, nne, huku macho yamelegea kwa mapenzi. Baadaye sisi watia sauti tulishuka kwenye chumba cha chini kilichowahi kuwa ghala la makaa, tukatazama midomo yao ikicheza ukutani, tukaijaza maneno. Niliwahi kumwona bwana mmoja mwenye masharubu mazuri sana akimkana mama yake mzazi kwa kuhesabu hadi arobaini na saba.

Naitwa Nezihe Akgün. Kwenye filamu zile usihangaike kulitafuta jina hilo. Aliyeazimisha gari aliandikwa. Mwenye duka la makochi aliandikwa. Mtia sauti hakuandikwa kamwe. Mtayarishaji wetu, Bwana Cevat, alikuwa na sababu yake.

"Nikikuandika wewe, watu watajua sauti si ya nyota. Watavunjika moyo."

"Lakini watu wote wanajua, Bwana Cevat."

"Wanajua, ndiyo. Ila hawajaandikiwa."

Nisingesumbuka sana kama si binti yangu Gülizar. Alikuwa na miaka mitatu unusu. Jumatano moja mama mkwe wangu alimpeleka sinema, kwenye onyesho la asubuhi la wanawake, lile la kwenda na watoto, na leso mbili, na mbegu za alizeti. Ruhsar Tunalı, nyota niliyemtilia sauti, akatokea kwenye pazia la picha, mrefu, nywele zimepanda juu kama keki, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ni ile inayombembeleza Gülizar kila jioni. Mtoto akaruka kitini. Akakimbia hadi mbele, akashika pazia, akaanza kulia, "Mama, shuka! Shuka twende nyumbani!" Wanawake ukumbi mzima wakalia naye, wakidhani ni huzuni ya filamu. Tangu siku hiyo nikimwimbia alinitazama kwa jicho la mashaka, kama vile sauti hiyo nimemwibia yule dada mrefu.

Ndipo nilipoamua. Nataka jina langu kwenye pazia lile. Mara moja tu, kwa herufi za ukubwa wowote, mahali popote. Siku moja mwanangu atajua kusoma. Mimi mwenyewe cheti changu nilikipata shule ya jioni nikiwa na mimba yake, nikisinzia juu ya jiografia, kwa hiyo ninajua kwamba kitu kikiandikwa kinakuwa kingine.

Basi, mwaka huohuo ikazaliwa Tuzo ya Kitaifa ya Chiriku wa Dhahabu.

Iliasisiwa na Bwana Münir, muuza vifungo vya nguo aliyependa filamu mpaka duka likawa linaendeshwa na paka. Alikusanya marafiki sita, akawaita kamati, akatangaza kwamba taifa lenye filamu mia mbili kwa mwaka haliwezi kuendelea kuishi bila tuzo. Sanamu ilitengenezwa na fundi wa mabomba ya hamamu. Ilikusudiwa iwe chiriku anayeimba juu ya tawi. Ilitoka kama bata aliyekwamwa na kitu kooni. Bwana Münir alisema hiyo ni sanaa ya kisasa.

Sherehe ilipangwa Jumapili saa nane mchana, kwa sababu saa kumi na moja ukumbi ulikuwa na filamu ya majambazi na mwenye ukumbi aliapa hataisogeza hata dakika moja kwa ajili ya ndege. Na habari kubwa kuliko zote: ingerushwa moja kwa moja redioni, nchi nzima isikie.

Hapo ndipo Bwana Cevat alipoingia ghala la makaa akitoka jasho.

"Nezihe, dada yangu, nuru ya macho yangu."

Nikajua kuna balaa. Siku za kawaida aliniita "wewe".

"Ruhsar ndiye mshindi," akasema. "Siri hiyo. Münir hawezi kutunza siri, amemwambia kinyozi. Sasa, mshindi atatoa shukrani. Redioni. Kwa mdomo wake."

Tukatazamana. Ruhsar alikuwa ameketi kwenye kiti cha kona akila simit, mkate wa duara wenye ufuta, maana alipenda kuja kunitazama nikimlilia. Alikuwa binti wa wakulima wa Giresun, mtu wa moyo safi, na sauti yake ilikuwa ya mlango wa zizi. Alisema haraka, kwa lafudhi ya kwao, kama mtu anayewafukuza mbuzi kwenye shamba la jirani.

"Mie naweza kusema," Ruhsar akasema.

"Huwezi!" tukamjibu kwa pamoja, mimi na Bwana Cevat.

"Basi aseme koo langu." Ndivyo alivyoniita siku zote: koo langu. "Mie nitahesabu, yeye atasema. Kama kazini."

Mpango ukawa huo. Kipaza sauti cha jukwaani kingefungwa maua, kikiwa kimezimwa. Mimi ningekaa nyuma ya pazia na kipaza sauti kinachofanya kazi.

"Na mimi napata nini?" nikauliza.

"Unapata heshima."

"Nina heshima ya kutosha, Bwana Cevat, imenijaa nyumbani sina pa kuiweka. Nataka jina. Filamu ijayo, mwanzoni kabisa: Sauti ya Ruhsar Tunalı, Nezihe Akgün."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Haya."

"Unaapa?"

"Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako ulimwapia pia mwenye duka la makochi," Ruhsar akasema mdomo ukiwa umejaa ufuta wa simit. "Apa kwa gari lako."

Akaapa kwa gari lake, na hapo nikaamini.

Jumapili ikafika. Mama mkwe, Bibi Makbule, alibaki nyumbani na Gülizar na redio, akiwa amewaalika majirani wote wa ngazi yetu, ingawa sikumwambia nitakuwa wapi hasa. Nilimwambia nimepata kazi ya kushika makoti. Nyuma ya pazia palinuka rangi na mavumbi. Bwana Cevat alisimama kando yangu na karatasi ya shukrani aliyoiandika mwenyewe. Ruhsar na waigizaji wengine wanne walioshindania tuzo ya mwigizaji bora wa kike walikaa mstari wa mbele, kila mmoja na koti lake la manyoya, ingawa ilikuwa Mei.

Kosa sasa. Mtu yeyote nje ya kazi yetu angeliona tangu mbali. Sisi tulioishi ndani ya kosa hilo miaka yote hatukuliona. Bwana Münir alitaka wasikilizaji wajionee waigizaji wote watano. Redio haina macho, akasema, kwa hiyo akaagiza vipande vitano vya sauti viunganishwe kwenye utepe mmoja: kila mwigizaji, kilio chake bora. Ukumbini hawataonyeshwa picha, ili nao wasikie kama taifa linavyosikia.

Taa zikazimwa. Kilio cha kwanza kikaanza. Msichana wa kijijini amekataliwa na mkwewe. Ukumbi ukavuta kamasi.

Cha pili: mwimbaji wa klabu anakufa kwa kifua kikuu. Nikajisikia nakohoa. Kikohozi kizuri, nakumbuka kilinichukua asubuhi nzima.

Cha tatu, mwalimu aliyepofuka. Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Si yuleyule aliyekufa sasa hivi?"

Mwingine akacheka. Kilipofika cha nne, mama anayerudishiwa mwanawe baada ya miaka ishirini, roshani nzima ilikuwa inacheka, na cha tano, ambacho kilikuwa cha Ruhsar, kilipoanza kwa yale maneno ya "Nisamehe, Kenan," sauti nene ikapaa toka viti vya juu:

"Msamehe, Kenan! Ameshakufa mara nne mchana huu!"

"Wote ni mmoja!" akadakia mwingine.

"Mpeni huyohuyo! Mpeni ndege wake aende zake!"

Taa zikawashwa. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Wale waigizaji wanne walikuwa wanatazamana kama watu waliokutana harusini wamevaa gauni moja. Nilikuwa mimi. Watano wote, mimi. Kila mtu kwenye kamati alilijua hilo mmojammoja, ila hakuna aliyewahi kuwapanga watano mstari mmoja. Hata mimi mwenyewe sikuwahi. Nilisimama pale na sweta langu, na jambo la ajabu, sikuona haya. Nilifikiri: kumbe nimefanya kazi kubwa hivi.

Bwana Münir, mweupe kama kifungo cha shati, akaipasua bahasha bila hata kupumua. "Ruhsar Tunalı!"

Ruhsar akapanda jukwaani. Watu wakapiga makofi na miluzi kwa pamoja. Na hapo Bwana Cevat akaniinamia sikioni.

"Sikiliza. Mambo yameharibika. Soma hii karatasi, neno kwa neno, utamu wote ulio nao. Na lile jambo la jina, lisahau."

"Umeapa kwa gari."

"Nitauza gari! Huoni wanavyocheka? Nikikuandika sasa, kila filamu yangu watapiga kelele hivi. Labda mwakani. Labda. Soma."

Ruhsar alikuwa ameshasimama mbele ya maua, amempakata yule bata wa tuzo. Alianza kutikisa midomo. Nilijua anahesabu. Nikasogea kwenye kipaza sauti, na sauti ikatoka, ile ya asali, na ukumbi ukanyamaza wenyewe. Wanaweza kukucheka, lakini wakikusikia wananyamaza, na hilo nililiona kwa macho yangu.

"Ndugu zangu wapenzi," nikasoma. "Nalia kwa furaha." Ruhsar akagusa jicho. Nikaishukuru kamati. Nikamshukuru Bwana Cevat, fikra yake, ujasiri wake, mkono wake usiochoka. Nikamshukuru mke wa Bwana Cevat. Nikamshukuru kinyozi. Nikaishukuru kampuni ya mtindi, maana ndiyo iliyolipia maua. Nikafika mwisho wa karatasi, na Ruhsar alikuwa bado anahesabu, kwa sababu tulikubaliana atafika mia na hamsini, naye alikuwa kwenye mia na kidogo.

Kulikuwa na nafasi. Kazini kwetu mdomo ukiwa bado unacheza na maneno yameisha, mtia sauti anatafuta la kuongeza. Ndiyo kazi yenyewe.

"Na zaidi ya wote," nikasema kwa sauti ya Ruhsar, polepole, nikiyaweka maneno kwenye midomo yake moja moja, "namshukuru mwanamke mmoja anayeitwa Nezihe Akgün. Yeye ndiye anayenilia. Yeye ndiye anayewalilia wote watano. Mwanangu... mwanawe ana miaka mitatu unusu, anaitwa Gülizar, na anatusikiliza. Gülizar, mama yako hajaibiwa sauti, wala hakumwibia mtu."

Midomo ya Ruhsar ikasimama. Nilimwona kwa ubavu tu, shingo yake ndefu na keki ya nywele. Bwana Cevat akanirukia, mikono yake miwili juu ya kipaza sauti, lakini alisahau kukizima, na taifa zima, kuanzia Edirne hadi Kars, likamsikia akisema, "Ng'ombe wewe! Ng'ombe! Umeniua!"

Ukumbi ulipasuka. Halafu kikatoka kitu ambacho hakikuhitaji kipaza sauti. Ruhsar aligeukia pazia, akaweka mkono mmoja kiunoni, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu akatumia sauti aliyozaliwa nayo.

"We koo langu! Toka huko kwenye mavumbi!"

Mtu mmoja aliangusha miwani. Kisha watu wakacheka mpaka mwenye ukumbi akatoka kuja kuangalia kama viti viko salama. Nami nikatoka. Nilikuwa na viatu bapa, na begani doa la supu ya dengu ambayo Gülizar aliitema asubuhi. Ruhsar akanishika mkono, akauinua juu kama wa mpiga ngumi.

Nyumbani nilimkuta Bibi Makbule ameketi kati ya majirani, redio imeshazimwa.

"Makoti uliyashika vizuri?" akauliza.

"Nimeyashika, mama."

"Bwana aliyekuita ng'ombe ni nani? Nikamcharaze kwa mwiko?"

Gülizar alikuwa amelala na kiatu kimoja. Sikujua alisikia nini, na sikumwamsha kumuuliza.

Tuzo haikufika mwaka wa pili. Wale wanne walioshindwa waliandika barua kwa kamati: kwa kuwa sauti ilikuwa ya wote, ndege naye awe wa wote, akae kwa kila mmoja kwa zamu, miezi miwili na siku kumi na mbili. Mmoja akataka akae kwake wakati wa sikukuu. Kamati ikagawanyika: watatu walisema mwakani wapewe tuzo watia sauti, watatu wakasema basi apewe tuzo na anayesoma maneno nyuma ya kamera, na Bwana Münir, ambaye kura yake ndiyo ingeamua, alirudi kwenye vifungo akasema hamjui mtu yeyote anayeitwa chiriku. Baada ya miezi michache hakuna aliyeizungumzia tena, isipokuwa kwa kicheko.

Mimi nilifukuzwa Jumatatu yake. Bwana Cevat alimwita mtia sauti mwingine, bibi mmoja mstaafu wa posta aliyetamka kila neno kama anwani. Wiki mbili nilikaa nyumbani nikifua. Wiki ya tatu nikaitwa ofisini. Nilimkuta Bwana Cevat kichwa kimemwinamia mezani, na Ruhsar amesimama mbele yake na karatasi za filamu mpya.

"Kaa, koo langu," Ruhsar akasema. "Nilikuwa namsomea bosi. Sikiliza." Akavuta pumzi. "Kenaaan! Nimekungoja miaka saba chini ya mvua!"

Dirisha lilitikisika. Mtaani mbwa alibweka.

"Basi," Bwana Cevat akasema. "Basi, tafadhali."

"Sijamaliza. Ama Nezihe arudi na aandikwe, ama filamu hii naisema mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkataba unasema nina haki. Nimesomewa na mwanasheria. 'Kenaaan! Mtoto huyu ni wako!'"

"Aandikwe!" Bwana Cevat akapiga meza. "Aandikwe, arudi, nipeni aspirini!"

Filamu ilitoka vuli. Jumatano ya kwanza tulikwenda onyesho la wanawake, Bibi Makbule na mimi, na Gülizar katikati. Tulikaa mstari wa tano. Nilikuwa nimevaa koti langu la sikukuu. Muziki ukaanza. Yakaja majina: Ruhsar peke yake, mkubwa. Wanaume. Mwandishi. Mpiga picha. Aliyeazimisha nyumba ya kando ya maji huko Yeniköy. Nikamshika Bibi Makbule mkono.

"Sasa, mama. Sasa, tazama!"

"Ngoja, nimedondosha leso," akasema, akainama.

Na hapo likaja. Sauti ya Ruhsar Tunalı: Nezihe Akgün. Jeupe juu ya maji ya kijivu ya Bosfori, limepinda kidogo upande wa kulia. Lilikaa muda wa mtu kupiga chafya mbili. Nilisimama bila kujua kama nimesimama.

"Ni mimi!" nikasema. "Mama, inuka! Gülizar, lile pale! Ni mimi!"

"We dada, hebu kaa chini!" mwanamke wa nyuma akanivuta koti. "Na unyamaze, jamani. Wengine tumekuja kusikiliza."

Nikakaa. Bibi Makbule akainuka na leso yake, akauliza limepita, nikamwambia limepita, akasema basi tutakuja tena kesho, na keshokutwa, mpaka alione. Kwenye pazia Ruhsar alikuwa ameanza kulia. Wanawake wakatoa leso. Gülizar akamtazama Ruhsar, akanitazama mimi niliyefunga mdomo, akamtazama tena Ruhsar. Kisha akapanda mapajani mwangu, akaweka kiganja chake kooni kwangu, akakiacha hapo, akala mbegu za alizeti kwa mkono mwingine hadi filamu ilipokwisha.